Ghorofa Isiyo na Kibali: Mchango Mdogo katika Uainishaji wa Wajenzi wa Mji Mkongwe

Wadudu wameshaainishwa, na samaki vilevile. Mwenye nyumba anayeomba kibali cha ujenzi, au anayekikwepa, bado hajapata mwanachuoni wake. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo. Eneo la utafiti ni Mji Mkongwe wa Unguja, hekta 96 zilizoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985. Bila ridhaa yake huruhusiwi kupandisha ghorofa, kupanua dirisha wala kung'oa mlango.

1. Tabaka za karatasi

Mji huu umepangwa mara nyingi kuliko ulivyokarabatiwa. Tabaka la chini kabisa ni la mpangamiji Lanchester, 1923. Juu yake upo mpango wa 1958, kisha wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki wa 1968, wa Wachina wa 1982, na ule wa 1994 ulioandaliwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan. Ukuta wa Mji Mkongwe una unene wa nusu mita na zaidi. Mtafiti anakisia kuwa mipango yote mitano ikibebwa pamoja na barua zake, itashindana nao vizuri.

2. Jamii za wajenzi

*Jamii ya kwanza: Kivuli Kinachokua.* Huyu huishi juu ya paa na hupitia hatua nne za ukuaji. Kwanza ni simtanki, kwa kuwa maji hayana mpinzani. Pili ni nguzo nne na makuti, ili tangi lisipate jua. Tatu, makuti huota meza, viti na birika la chai ya tangawizi. Nne, baina ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi, kuta huinuka, na mgeni hulala humo akitazama bahari. Mkaguzi kijana akiuliza, "Mzee wangu, hiki nini?" jibu halibadiliki tangu hatua ya kwanza: "Kivuli tu, mwanangu."

*Jamii ya pili: Mpenda Saruji.* Huyu ni raia mwema, na kati ya wanaotenda ndiye mwenye madhara kupita wote. Nyumba yake ni ya mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, ukuta unaonyonya unyevu na kuutoa. Akiona chokaa inabanduka, huipiga plasta ya saruji, ngumu na laini, akapaka rangi nyeupe. Unyevu hukosa njia ya kutokea. Ndani boriti za mikoko huoza kwenye ncha, pale zinapoingia ukutani, na mwenye nyumba hujisifu kwa jirani kuwa safari hii amefanya kazi ya kudumu.

*Jamii ya tatu: Mlango Msafiri.* Mlango wa nakshi, wenye misumari ya shaba, ulikusudiwa kukaa kwa vizazi. Katika spishi hii huondoka "kwenda kutengenezwa" na hurudi ukiwa mbao za kawaida. Wa asili huja kuonekana mahali pengine, umelazwa na kufunikwa kioo, watu wanakula chakula juu yake.

*Jamii ya nne: Warithi Wengi.* Nyumba moja, warithi waliotawanyika baina ya mtaa wa Kiponda, Dar es Salaam, Maskati na London. Kuuza kunahitaji sahihi za wote. Kutengeneza kunahitaji fedha za mmoja. Hawa hawajavunja kifungu chochote cha sheria. Hawaombi kibali, hawajengi, hawabomoi. Mvua huwafanyia.

*Jamii ya tano: Mwenye Muhuri.* Spishi hii ina mwakilishi mmoja, Serikali, lakini ni mkubwa. Beit-el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa mali ya umma, makumbusho ya umma, mbele ya macho ya umma pale ufukweni Forodhani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele pamoja na mnara wake iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Hapa uainishaji unaacha mzaha kwa muda.

3. Mjadala

Ukizipanga jamii hizi tano kwa namna zinavyosumbuliwa na sheria, kisha uzipange kwa namna zinavyoua nyumba, orodha mbili hizo karibu zinapeana mgongo. Kivuli Kinachokua huandikiwa amri ya kusimamisha ujenzi kwa sababu anaonekana hadi Forodhani. Warithi Wengi hawaandikiwi kitu, kwani paa lililopasuka halionekani ukiwa kichochoroni. Mamlaka imepewa nguvu ya kukataza, nayo ni nguvu ya kweli: bila hiyo mtaa wa Shangani wote ungekuwa vioo na alminiamu. Lakini kukataza humfikia anayetenda tu. Asiyetenda hana fomu ya kujaza, na ndiye ambaye nyumba yake inaanguka.

Tukiirudia nyumba yenyewe, chumba cha Mji Mkongwe ni chembamba, kiasi cha mita tatu, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Boriti hiyo hailindwi na rangi ya ukuta wala mtindo wa dirisha. Hulindwa na paa zima na mfereji usioziba.

4. Mapendekezo

Fomu ya kibali ianze na swali moja kabla ya michoro, sahihi na ada: mvua ikinyesha juu ya nyumba yako, maji yanakwenda wapi? Anayeweza kujibu akiwa juu ya paa, mbele ya mkaguzi, apewe dirisha analolitaka, maadamu ni la mbao. Warithi wapelekewe fomu hata kama hawakuomba, pamoja na chokaa ya bei nafuu na fundi anayejua kuichanganya. Na fomu nambari moja ijazwe na Mwenye Muhuri, kwa majengo yake yote, kabla ya masika.