Barua ya Wazi kwa Wizara Inayosimamia Usalama wa Umma, Burundi

YAH: KUIPATIA RYANSORO MAFANIKIO YA BUJUMBURA

Wizara inastahili pongezi kwa uamuzi wa Machi 2022, ambao, kwa hoja ya kupunguza ajali, uliziondoa baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya Bujumbura, kwa kuwa ulijibu swali lililoyashinda mataifa mengi, yaani namna ya kumlinda mwendesha baiskeli: asiwepo.

Inasikitisha, hata hivyo, kwamba hekima hiyo haijapanda hadi Ryansoro, kusini mwa Gitega, ingawa Gitega ilitangazwa mji mkuu wa kisiasa tangu Desemba 2018. Katika vilima vya huko (kilima, kwa utawala wa Burundi, ni ngazi ya chini kabisa yenye viongozi wake), watu wangali wakitembea kwenda shuleni, sokoni na kanisani, tena ukingoni kabisa mwa barabara, ambako mfereji wa maji ya mvua huwapokea wote bila ubaguzi kila lori linapopiga honi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, zaidi ya nusu yao wakiwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Msomaji mwepesi angehitimisha kwamba magari yapunguzwe mwendo hadi kilomita 30 kwa saa palipo na watu, ilhali Wizara imekwisha kuonesha kwamba ni rahisi zaidi kuwapunguza wanaogongwa.

Uhaba wa mafuta nao usinyimwe sifa zake, kwani gari linaloshinda kwenye foleni ya petroli halimgongi mtu. Kasoro ya sera hiyo, kama ni sera, ni kwamba imewaongeza watembeaji. Wapo pia vijana wa Barabara ya Taifa Namba 1, ambao, wakiisha kushusha mikungu ya ndizi Bujumbura, hushika nyuma ya malori na kuvutwa pamoja na baiskeli zao mlimani hadi Bugarama, wakithibitisha kwamba usafiri wa umma unaweza kupatikana bila Serikali kutoa hata faranga moja.

Kwa hiyo Wizara inaombwa kupiga marufuku kutembea Ryansoro, isipokuwa kwa mwenye leseni, namba ya usajili mgongoni na taa ya nyuma inayowaka. Ikibainika kwamba agizo halitekelezeki kwa sababu askari wa kulisimamia nao hufika kazini kwa miguu, basi, kwa majaribio tu na bila kuvuruga mwendo wa malori kupita kiasi, mbele ya shule moja lijengwe tuta, yaani mwinuko mfupi unaomlazimisha dereva kukanyaga breki, na kando yake ufunikwe mfereji.

Nakala:
Wamiliki wa malori, kwa taarifa.
Waenda kwa miguu, kwa utekelezaji.