Diski ya Mjomba

Mjomba aliipokea diski kwa mikono miwili, kama anayekabidhiwa hati ya shamba la mikorosho. Mpwa wake alikuwa ameibeba kutoka Dubai, ndani ya kasha jeusi lililoandikwa 4K Ultra HD, na jioni hiyo sebule ya Newala ilijaa majirani waliosikia kwamba kuna sinema ambayo hata jasho la mtu linahesabika.

Kompyuta ya mjomba ikatoa trei, diski ikakaa sawasawa, trei ikarudi. Ikanguruma. Ikakohoa. Ikatangaza kwamba ndani hamna diski.

"Itakuwa vumbi, mjomba."

"Vumbi la Dubai?"

Ikafutwa kwa upindo wa kanga, bila mafanikio. Jirani mmoja akaagiza dawa ya meno, tiba ya sidii zilizochubuka tangu enzi za VCD. Mkazamjomba akagoma kuitoa, na pengine aliiokoa diski: data ya DVD imelala milimita 0.6 chini ya plastiki, lakini ya Blu-ray, kama hii, iko milimita 0.1 tu.

Asubuhi wakateremka Masasi kwa fundi. Zamani, kabla ya mradi wa maji, watu wa uwanda wa juu wa Newala waliteremka mabondeni kutafuta maji. Safari hii walitafuta draivu. Fundi alicheka kabla hajawasha kitu. Sidii, DVD na Blu-ray zote zina upana wa sentimita 12, akasema, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Sidii husomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD 650, Blu-ray 405. Kadiri mawimbi yanavyokuwa mafupi ndivyo leza inavyosoma alama ndogo zaidi, ndiyo maana DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7 na diski za aina ya hii hufika 100. Kuiwekea draivu ya DVD diski kama hiyo ni kumpa babu asiye na miwani Agano Jipya la mfukoni.

Mpwa hakukata tamaa. Akaazima Mtwara draivu ya nje inayosoma Ultra HD, akaichomeka kwenye kompyuta yake mpya isiyo na trei. Diski ikaonekana! Picha ikakataa.

Kumbe diski hizi, zilizoingia sokoni mwaka 2016, zina ulinzi mkali dhidi ya kunakiliwa. Ili programu rasmi izicheze, kompyuta ilitakiwa kuwa na kinga iitwayo SGX ndani ya prosesa za Intel kuanzia kizazi cha saba, na Intel wenyewe wakaja kuiondoa kwenye prosesa zao mpya za Core. Ya mjomba ilikuwa kuukuu mno. Ya mpwa ilikuwa mpya mno. Mjomba, aliyeambiwa miaka yote kwamba vitu vyake vimepitwa na wakati, alicheka hadi akajishika mbavu.

Kwa hiyo, ukinunuliwa diski ya aina hii, omba na deki yake.

Ile ya Newala sasa inaning'inia shambani, inametameta juu ya mtama kufukuza ndege. Kasha mjomba amelibakiza: ndimo anamokunjia stakabadhi zake za korosho.