Hotuba ya Bingwa wa Mizigo Mizito Mbele ya Hadhara ya Timbwani

Mabwana na mabibi, madereva na mataniboi, mafundi wa mashine na wenye mashine, na nyinyi akina mama mliokuja kufuata kivuli cha mwembe huu wala hamkunifuata mimi, nawaamkia nyote kwa taadhima. Ama baada ya salamu, nimealikwa na mwenye uwanja huu, ambaye ana ekskaveta moja ya tani 20 anayotaka ipandishwe juu ya trela ya lobedi ipelekwe Dongo Kundu kabla ya adhuhuri, nije nizungumze nanyi kwa robo saa mintarafu ya kupakia vyombo vizito kwa salama. Nami nikamjibu, kwa upole wa mtu aijuaye daraja yake, kwamba ilimu iliyonichukua umri mzima kuikusanya haisimuliwi katika muda ambao hata chai haijapoa, na kwa hivyo mashine na ingoje.

Yamkini wapo miongoni mwenu watu wa kuuliza: huyu bwana ni nani, na alipata kupakia nini, na wapi? Swali hilo lina utovu wa adabu, lakini nitalijibu. Mimi sikupata kushika usukani wa mashine yoyote, na jambo hili nalitaja kwa fahari, kwa kuwa mwenye usukani hushughulishwa na usukani wake, na mwenye mnyororo hushughulishwa na mnyororo wake, ilhali mwenye kuketi barazani na kikombe cha kahawa mkononi, akayatazama mambo yote kwa jicho moja, huyo ndiye aonaye. Nimeitazama mizigo ya Likoni, ya Changamwe na ya Kisauni. Kila ilipopanda vyema nilikuwa nimenyamaza kwa hikima, na kila ilipoanguka nilikuwa nimekwisha kusema. Jina la Bingwa nilijitunukia mwenyewe, baada ya kuwapa wengine muda wa kutosha wa kunitunukia.

Mtu asidhani kwamba ilimu hii imezuliwa jana na makandarasi wa barabara. Yuko mwanachuoni al-Khazini wa Merv, aliyeandika mwaka 1121 kitabu chake cha Mizani ya Hikima, ambamo alieleza habari za kitovu cha uzito, na jinsi kutulia kwa kila kiwiliwili kunavyotegemea mahali kilipokaa kitovu hicho. Mwanachuoni huyo hakupata kufika Timbwani, jambo ambalo ni nakisi katika elimu yake, walakini kitovu chake ndicho kipinduacho mashine hapa petu mpaka leo. Na atakaye ushahidi wa chuma badala ya karatasi, na avuke feri aende Ngomeni, yaani Fort Jesus, atauona mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, ile iliyoiangamiza manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikakimbilia Rufiji, ikazingirwa humo hata Julai 1915 wenyewe wakaitoboa. Meli ilikwisha, lakini mizinga yake 10, ambayo kila mmoja una kinywa cha sentimita 10.5, iliopolewa mtoni ikatiwa magurudumu, ikakokotwa bara kwa nguvu za watu katika nchi isiyo na barabara. Na huu wa Ngomeni umewekwa jirani na mzinga wa Pegasus, mahasimu wawili ndani ya boma moja. Nilisimama mbele yake nikawaeleza watalii, bila ya kuombwa, jinsi magurudumu yale yalivyopasa kufungwa, mpaka bawabu akanitaka niwapishe watu wapige picha. Muradi wangu ni kwamba wale waliokokota hawakuwa na injini, wakawa na hesabu. Nyinyi mna injini, na hesabu mmeniachia mimi.

Sasa naingia katika asili ya jambo. Kabla ya injini kuwashwa (nani huyo aliyewasha injini? Zima, kijana, hatujafika huko), yapasa trela isimame juu ya ardhi ngumu iliyo sawa, na ardhi ya huku kwetu, kama mjuavyo, mara ni jiwe la matumbawe, mara ni mchanga, hata yumkini gurudumu la kulia likakanyaga mwamba na la kushoto likadidimia, na trela ikizama vidole vinne upande mmoja, mashine iliyo juu yake huinama zaidi ya unavyopenda. Trela haifunguliwi kutoka kwenye kichwa cha lori, maana mashine inapokanyaga mkia, upande wa mbele hutaka kuinuka, na pasipo kichwa cha kuuzuia huinuka kweli. Breki zishikwe, kabari zitiwe mbele na nyuma ya magurudumu, na chini ya mkia wa trela ziwekwe nguzo madhubuti. Namwona yule kijana mwenye fulana ya buluu amekwisha kuzitia kabari, na kuusimamisha mkia juu ya mataruma mawili ya reli, kabla sijamwamuru. Hiyo ni pupa, nami naikemea, ingawa mataruma yamekaa mahali pake.

Tuje kwenye mwinamo. Vitabu vya waundaji wa mashine aghalabu huweka mpaka wa nyuzi 15. Kitanda cha trela kikiwa mita 1 kutoka ardhini, mabamba ya kupandia hayana budi yawe na urefu wa karibu mita 4 ili mpaka huo usivukwe. Na hata katika nyuzi hizo 15, mashine ya tani 20 huvutwa chini kwa nguvu ya tani 5 na zaidi, ambazo hazizuiliwi na kitu ila msuguano baina ya mikanda yake na bamba. Ikiwa mkanda ni chuma, na bamba ni chuma, na baina yao pana tope la masika au dizeli iliyomwagika, basi msuguano huo umekwisha kuaga. Ndiyo maana bamba hufagiwa, na mikanda hukwanguliwa tope, na juu ya chuma hulazwa mbao au mpira mkuukuu.

Na katika vyombo vyote, chenye hila kubwa kabisa ni rola, kwa sababu gurudumu lake ni pipa la chuma laini lisilo na jino hata moja la kushikia. Nilipata kusimamia, kwa hiari yangu na bila ya ujira, upakiaji wa rola moja hapa hapa Likoni katika siku za mvua, nikaamrisha ipande bila ya mbao, kwa kuwa mbao zilikuwa mbali na hesabu zangu zilikuwa karibu. Ilipanda nusu ya bamba, ikatafakari, kisha ikarejea kwa utulivu mkubwa mpaka ndani ya banda la mama muuza mahamri na mbaazi, ambaye kwa rehema ya Mola alikuwa amekwenda kuchota maji. Watu wenye nadhari fupi waliliita tukio lile ajali. Mimi naliita burhani: rola ile ilithibitisha mbele ya mashahidi kila neno nililopata kulisema juu ya msuguano, na ikiwa sufuria moja ya mbaazi iliangamia katika kuitafuta haki ya mambo, ziko taalimu nyingine zilizogharimu zaidi. Mama yule hakuafikiana na rai hii, na hata leo anionapo hunidai mbaazi zake, punje kwa punje.

Mashine na ipande polepole, imenyooka, katikati ya trela, wala isigeuzwe ikiwa juu ya bamba. Aliyekosa mstari na ashuke aanze upya. Lakini hatari wasiyoihesabu wengi i pale bamba linapokutana na kitanda. Hapo kitovu cha al-Khazini huvuka ukingo, na mashine iliyokuwa imeinua pua huanguka mbele kwa uzito wake wote, na opareta asiyepunguza mwendo, wala hakufunga mkanda wa kiti, hujuta akiwa hewani. Mkono wa ekskaveta uwe chini, ndoo yake ikikaribia kitanda, ili uzito huo uteremke kwa adabu. Ubavuni mwa mabamba asisimame mtu, hata awe mjomba wa mwenye mashine. Kuashiria nako ni kwa mtu mmoja, anayeonekana na opareta. Kwetu sisi huashiria uwanja mzima, wa kulia akasema njoo, wa kushoto akasema simama, na muuza kahawa, ambaye hakuulizwa, akasema kata kidogo. Awe mmoja, na kwa kaida huwa ni mimi. Naona kijana wa fulana ya buluu ameinua mkono. La, hakuniinulia mimi; amwinulia opareta. Basi hana swali, ana haraka tu, na tuendelee.

Fauka ya hayo, mtu wa Likoni hawezi kuitaja trela asiitaje bahari. Mtu wa Nakuru hupakia mara moja akaenda zake. Sisi huipakia mashine juu ya trela, kisha trela juu ya feri, na mpando huo wa pili hauna mwinamo mmoja, maana bahari yetu wakati wa bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, feri ikapanda na kushuka nayo, ilhali gati la saruji halina habari. Maji yakijaa, njia ya kuingilia hulala. Yakipwa, hugeuka kiteremko, na lobedi, ambayo tumbo lake li karibu na ardhi kwa makusudi, hukwama tumbo pale njia inapovunjika, huku umati wa wenda kazini ukiinua sauti nyuma yake kwa maneno nisiyoweza kuyatia katika hotuba. Kwa hivyo dereva wa mzigo mzito haulizi saa, huuliza maji. Wenzetu wa Kisauni nao walikuwa na mtihani wao, kwani tangu 1931 hata 1980 walivukia daraja la Nyali lililokuwa likielea, nalo likifuata maji. Siku hizi iko barabara ya Dongo Kundu, ipitayo juu ya Mwache na Mteza, na mashine yaweza kutoka Changamwe ikafika Likoni bila ya kuonja chumvi. Jambo hili limeipunguzia sura yangu ya bahari nusu ya manufaa yake, lakini siwezi kuifuta, kwa kuwa nimekwisha kuihifadhi.

Kufunga nitakupitia upesi, kwa kuwa ni kazi ya mikono. Uzito ukae mbele kidogo ya ekseli za nyuma, usikae mkiani, maana mkia ukilemewa, kichwa cha lori hupungukiwa na uzito wa kuishika barabara, na dereva akajiona yuaongozwa na mzigo. Ndoo ishushwe, injini izimwe, minyororo minne ishike pembe nne na mwingine ushike mkono. Na baada ya kilomita chache dereva ateremke akaze tena, kwani minyororo hulegea. Nilimwona mtu akiifunga mashine kwa kamba ya ng'ombe, nikamwombea dua nikahama barabara. Juu mtazame nyaya za umeme. Na anayekwenda bara akumbuke mizani ya Mariakani, ambapo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haipitishi zaidi ya tani 56 hata kwa gari la ekseli saba, ila kwa kibali maalumu, na ambapo ufasaha haupunguzi hata kilo moja.

Nilikusudia sasa kuifungua sura ya pili, ya kushusha, ambayo ni ndefu kuliko hii, lakini naona uwanja umepata nafasi kubwa ghafla. Pale ilipokuwapo ekskaveta pana alama mbili za mikanda, zimenyooka, na trela haipo. Naarifiwa na mama mmoja hapa mwembeni kwamba mashine ilikuwa juu kabla sijafika baharini, ikafungwa nilipokuwa Nyali, na saa hizi iko njiani. Sikutakwa rai wala ruhusa. Namtangazia mwenye uwanja, popote alipo, kwamba ada yangu ni ile tuliyopatana na haipungui kwa kuwa mzigo umeitangulia ilimu. Na yule kijana wa fulana ya buluu, akirudi, aambiwe kwamba cheti chake nitakitia saini mimi mwenyewe, kwa malipo madogo, maana yote aliyoyafanya aliyasikia kwangu.