Matanga ya Taa

Mwaka 1997 Porsche ilithubutu kuipa 911 sura mpya, gari lililoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1963 likiwa na taa za duara na injini iliyopozwa kwa upepo. Injini ikaanza kupozwa kwa maji, wapenzi wakanung'unika. Taa zilipopewa umbo la yai la kukaanga lililotapakaa, wakaweka matanga. Utasema umbo ndilo roho ya gari. Haya, tukubali. Lakini mwaka 2004 taa za duara ziliporudi, maji yakiwa bado yale yale injinini, machozi mengi yalikauka. Kumbe moyo waweza kubadilishwa, mradi macho yasiguswe! Wahandisi wasijichoshe: mteja huyu hafungui boneti, na akiifungua, injini ikiwa nyuma, atakuta begi lake la safari.