Bao la Binti Nungunungu

Kijijini Mbuyuni, Nungunungu alisifiwa kwa malezi. Wenzake walishika fimbo za mkwaju; yeye, mwenye miiba mgongo mzima, hakuwahi kumchoma bintiye. Alimwita Hasara tu, asubuhi na jioni, hata majirani wakadhani ndilo jina lake. Akikosea, aliambiwa kuwa ndiye aliyemkimbiza mama yake. Akipatia, alinyamaziwa siku tatu. Mtoto akajifunza kusikiliza vishindo mlangoni na kujua usiku utakuwaje.

Mara mbili alikwenda barazani. Mara mbili Mzee Kobe alimgeuza huku na huku, akimkagua. "Kovu liko wapi, mjukuu wangu?" Halikuwapo. Fisi akaongeza kwamba mtoto anayelishwa hana mashtaka. Akarudishwa kwa baba, ambaye habari zilikwisha kumfikia.

Basi akachimba bao chini ya mbuyu: mashimo manane, kete moja. Yeye akasimama nyuma ya mchezaji.

Sungura alitangulia, maana hajaona mchezo wa kumshinda. Akasogeza kete kulia. "Nani kakwambia kulia?" sauti ikauliza kisogoni. Akaenda kushoto. "Digidigi angejua bila kuambiwa." Akafika shimo la mwisho. "Ndiyo nini sasa, unataka nikushangilie?" Akauliza kanuni, mzunguko mzima ukapita kimya. Akajaribu haraka, akajaribu polepole, akajaribu kuomba radhi kabla hajakosea. Jua lilipofika utosini, mjanja wa nyika nzima alikuwa anainua macho kuomba ruhusa kila anapotaka kuigusa kete. Hakuna aliyemwamuru afanye hivyo.

Hapa ndipo ninapouona uzito wa mchezo. Habari za mtoto anayeteswa kwa maneno unaweza kuzisikiliza, ukasikitika, kisha ukauliza mbona hakujitetea. Ukiishika kete mwenyewe hulirudii swali hilo, kwa kuwa umekwisha kujitetea na umeona ulikofikishwa.

Fisi alikuja juu. Michezo ni ya kufurahisha, alisema, si ya kuanika aibu za nyumba za watu, mashimo yafukiwe. Mbayuwayu, aliyefika juzi na kaskazi, akamkatiza. Ng'ambo, mwaka 2012, studio ndogo ya Montreal, Kanada, ilitoa gemu iitwayo Papo & Yo. Aliyeibuni, Vander Caballero, mzaliwa wa Kolombia, alilelewa na baba mlevi. Humo mtoto Quico ana rafiki dubwana, mpole wa kucheza naye. Likimeza chura huwaka moto na kumrukia Quico huyohuyo.

"Chura ndiyo pombe, dubwana ndiye baba," Mbayuwayu akasema. "Na Quico hawezi kusonga mbele bila msaada wa dubwana, kama mtoto asivyoweza bila mzazi. Nalo hilo tulifukie?"

Nungunungu akaitwa, akakalishwa. Alisogeza kete mara tatu, akasimama miiba imemsimama. "Mtu afanye nini hapa?" akafoka. Baraza zima likamgeukia bintiye, ambaye kwa miaka yote alikuwa akijiuliza hilohilo.

Kobe hakutafuta kovu tena. Aliamuru mtoto ahamie kwa bibi yake mzaa mama, ng'ambo ya mto, jioni ileile, Sungura amsindikize.

"Mpaka lini?" Nungunungu akauliza.

"Hilo atalisema yeye," Kobe akajibu.