Heko, Paa Linalovuja

Wako waliosifiwa mpaka sifa zimewachosha. Mlima una wapiga picha wake, kahawa ya Kibosho ina wanywaji wake, na paa zima lisilopitisha tone husifiwa na kila fundi aliyekwisha kulipwa. Lakini paa linalovuja, hasa hili la kwetu Soweto, Moshi, halijapata wa kulisemea neno jema hata siku linapong'olewa na kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kazi hiyo nimejitwika mimi. Naapa sikuhongwa, kwa sababu paa linalovuja halina cha kuhonga isipokuwa maji.

Nianze na nasaba, kama adabu ya sifa inavyotaka. Babu wa bati la migongo ni Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London, aliyelipatia hataza mwaka 1829. Miaka minane baadaye, 1837, Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kukipaka chuma zinki ili kisishike kutu. Ndoa ya Mwingereza na Mfaransa, basi, ndiyo iliyotuzalia kitu kinachotulowesha magodoro. Kabla yake, wazee wa mlimani walilala ndani ya nyumba ya msonge, nyasi kuanzia kilele mpaka karibu na ardhi, na moto ukiwaka katikati. Moshi wa jikoni ulikausha nyasi na kufukuza wadudu. Anayetaka kuiona akatembee Marangu. Nyumba ile ilidai kuni za kila siku na mikono ya ukoo mzima siku ya kuezeka. Bati halidai kuni wala ukoo. Linaomba jicho tu, mara moja au mbili kwa mwaka, na hilo jicho ndilo tulilolinyima.

Sasa tutazame uadilifu wake. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Chukua nyumba ya vyumba vitatu, jumlisha na upenu wake, useme paa lina mita za mraba 100. Ikinyesha milimita 20, na kwa Aprili ya Moshi hiyo si mvua ya kusimulia, paa limepokea lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita ishirini. Sasa hesabu kilichoingia ndani: sufuria la ugali, beseni la kuogeshea mtoto, na kikombe kilichokaa juu ya televisheni. Tuseme lita tano. Paa limezuia lita 1,995 na kupoteza robo ya asilimia moja. Nani mwingine hapa mjini amekabidhiwa mali ya watu akapoteza robo ya asilimia tu, tena akaipoteza hadharani, kwa sauti, wenye mali wakiwa macho saa nane ya usiku? Waweka hazina wa vikoba waje wajifunze.

Ukarimu wake hauna kifani pia katika elimu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa masika kwa kanda na mikoa. Paa linalovuja hutangaza chumba kwa chumba. Linafundisha fizikia kwa wasiopenda fizikia. Somo la kwanza ni kwamba tone haliko chini ya tundu. Maji huingia kwenye msumari karibu na kofia ya paa, hutambaa chini ya bati, hushika papi, huteremka na kenchi, hutafuta kiungo cha jipsamu, ndipo huangukia mto wa kulalia. Fundi mwenye haraka hupanda, hupaka lami juu kabisa ya kitanda, hupokea chake, huaga. Mvua ya Jumanne inamkuta kesha pokea kazi Majengo, na tone liko palepale.

Fundi asiye na haraka hufanya mambo mawili. Mchana wa jua kali huingia darini, hufunga kile kimlango chake, hukaa gizani mpaka macho yazoee, kisha huhesabu nyota. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Asipoona nyota, humpandisha kijana juu na ndoo ya maji, amwage kuanzia chini ya paa akipanda taratibu kuelekea kofia, naye akiwa ndani na tochi. "Hapo! Rudisha kidogo! Hapo hapo!" Kazi ya nusu siku, na jibu lake halina ubishi.

Mkitaka kuelewa kwa nini paa letu ni mwalimu, ombeni mpewe msumari mmoja uliong'olewa. Una kichwa kipana cha mwavuli, na chini yake kuna washa ya mpira. Siku ulipopigwa, mpira ulikuwa laini, umelala vizuri juu ya mgongo wa bati. Ukaubinye leo kwa kidole gumba: unamomonyoka na kuacha unga mweusi kwenye ngozi. Tundu lenyewe limeacha kuwa duara, limekuwa refu upande mmoja, na pembeni yake pana pete ya rangi ya kahawia. Jua la Februari hulipasha bati mpaka haligusiki. Usiku ubaridi wa mlimani huteremka na kulisinyaza. Zile kelele za "ta! ta!" unazozisikia jioni ni bati likijikunyata. Kila siku linauvuta msumari kidogo kulia, kidogo kushoto. Zinki iliyokuwa ikijitoa mhanga kwa ajili ya chuma imekwisha pale penye tundu, na kutu imeingia kazini. Hakuna aliyekosea, kila kitu kimefanya kazi yake isipokuwa mwenye nyumba.

Tufike kwenye jamii, maana hapo ndipo paa linalovuja linapong'ara. Mpangaji wa Soweto hulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na baada ya hapo mama mwenye nyumba hupatikana kwa nadra. Simu yake huita bila kupokelewa. Paa likianza kuvuja, mawasiliano hurejea.

"Shikamoo mama. Kule chumbani kunavuja."

"Marahaba baba. Kunavuja sana, au kunavuja tu?"

"Kunavuja tu, mama."

"Basi tusubiri mvua ikatike. Fundi hawezi kupanda bati likiwa limelowa, atateleza."

Neno la busara kabisa, na la kibinadamu kwa fundi. Juni inafika, bati limekauka, mpangaji anapiga tena.

"Mama, sasa jua limetoka, tumlete fundi?"

"Baba, kwani bado kunavuja?"

Hakuvuji. Hoja imekufa, imezikwa, itafufuka Novemba na mvua za vuli. Na tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo mpangaji yule yule anayehamisha kitanda usiku anaichangia Serikali kwa ajili ya jengo kila anaponunua umeme. Ni paa gani zima lingeweza kumpa mtu hisia ya kumiliki nyumba ambayo si yake?

Soweto bado ni tambarare na mvua yake ina adabu. Kadiri unavyopanda Uru, Kibosho, Machame au Marangu ndivyo inavyozidi, na kwenye msitu wa upande wa kusini hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Huko ndiko yaliko majumba makubwa ya wana wa nyumbani walioko Dar es Salaam na Arusha. Yamefungwa kuanzia Januari mpaka Desemba. Majani ya mgrevilea hujaa kwenye gata, gata hufurika, maji hurudi nyuma chini ya bati, fishabodi huoza kimyakimya. Kisha Krismasi inafika, watu wanapanda mlimani kuhesabiwa, ukoo mzima unalala chini ya paa moja, na vuli haijaisha. Usiku wa kwanza shangazi analowa miguu. Asubuhi kikao cha ukoo kilichokuwa kiongelee mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, kinaongelea paa, na kwa mara ya kwanza tangu mzee azikwe ndugu wote wanakubaliana jambo moja: kwamba kuna anayepaswa kutengeneza, na kwamba huyo ni mwingine. Wahenga walishasema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Paa linalovuja huwangoja wenyewe walale ndani, ndipo liwajulishe.

Lisifiwe pia kwa kutunza biashara. Bila paa linalovuja, nani angenunua lami ya kopo, silikoni, na vipande vya gundi ya rangi ya fedha? Nani angesikiliza yule muuza duka la vifaa vya ujenzi? Tumezoea kuamini kwamba namba kubwa ndiyo bora, kwenye simu, kwenye gari, kwenye alama za mtihani. Mtu akasimama mbele ya kaunta akaambiwa kuna geji 28 na geji 32, akachagua 32 kwa majivuno, tena akashangaa ilivyo rahisi. Kwenye mabati, namba ikikua bati huwa jembamba. Amenunua bati ambalo fundi akilikanyaga mahali pasipo na papi chini yake linabonyea, na penye kubonyea maji hutuama. Paa hilo litavuja mapema, na hivyo litamfundisha mapema. Ni wema.

Sitawasahau wenye paa la kuficha, zile nyumba za mtindo ambazo kuta hupandishwa juu ili bati lisionekane barabarani. Mteremko ni mdogo, maji yote yanakusanywa kwenye gata ya ndani, na gata ina tundu moja au mawili ya kutolea. Jani moja la mwembe likilala juu ya tundu hilo, juu ya nyumba pana bwawa. Mwenyewe ameficha paa, na paa nalo limemficha mambo yake.

Hapa ndipo sifa zangu zinapoacha utani. Paa la kuogopwa ni lile linalolowa bila kudondosha. Maji yanaingia ukutani, yanafuata bomba la nyaya mpaka kwenye swichi, yanakaa kwenye mbao ambazo hazikupakwa dawa, yanaita mchwa. Chini, sebuleni, dari jeupe, kila mtu ametulia. Siku ya kujua ni siku dari linaposhuka lenyewe, au siku mtoto anapogusa ukuta akatetemeka. Wahenga walisema chururu si ndo! ndo! ndo! Walikuwa wakisifu mchirizi kwa sababu hujaza mtungi upesi kuliko matone. Kwenye paa mambo hugeuka, afadhali ndo ndo ndo ya usiku mmoja kuliko mchirizi wa miaka mitatu usio na sauti. Tone linalokuamsha limekutendea haki kuliko wote waliohusika na nyumba hiyo, kuanzia aliyechora mpaka aliyepaua. Limekuja likiwa dogo, limekuambia ukweli, na limekupa muda. Lile doa la kahawia kwenye jipsamu lina mizingo, mmoja ndani ya mwingine, na kila mzingo ni msimu ambao uliambiwa ukaenda kutafuta beseni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama umekubali kwamba paa linalovuja lina heshima yake, liheshimu kwa kulisikiliza. Kati ya Januari na Februari, vuli ikiwa imekwisha na masika hayajaingia, tafuta ngazi imara na mtu wa kuishika. Ukipanda, kanyaga penye mstari wa misumari, maana chini yake kuna papi. Usipande bati likiwa bichi. Zoa majani kwenye gata na umwage maji uone kama yanatoka upande wa pili. Kagua kofia kwa urefu wake wote. Msumari uliolegea ung'oe, uweke mwingine mnene kidogo wenye washa mpya, upigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe usipigwe bondeni ambako maji hupita. Penye kutu ambayo haijatoboa, sugua upake rangi. Penye kutoboka, badilisha bati zima, kwa sababu lami juu ya kutu ni ahadi ya msimu mmoja. Kata tawi linalolisugua bati. Kama wewe ni mpangaji, piga picha, mtumie mama mwenye nyumba Januari, na akikuuliza kunavuja sana au kunavuja tu, mjibu kwamba kutavuja.

Ukimaliza, paa litanyamaza, na sifa zote hizi zitakuwa hazina mwenyewe. Sitaona vibaya. Misumari ya bati huuzwa kwa kilo. Jipsamu, godoro na televisheni haviuzwi hivyo. Nunua nusu kilo kabla ya Machi.