Barua ya Wazi kwa Afisa Mipango Miji wa Mbarara: Tuna Maegesho ya Kukodisha

Mheshimiwa,

Tunakuandikia kutoka Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Tunajua kazi yako si nyepesi. Anayekagua hali ya majengo ya High Street lazima atazame juu, penye nyufa na nyaya. Anayehesabu maegesho lazima atazame chini, penye taksi, boda, mikungu ya matoke kutoka Isingiro na madebe ya maziwa. Shingo ya mtumishi wa umma haikuumbwa kwa kazi zote mbili, basi tumeona tukusaidie.

Tuanze na maegesho, maana hapo sisi ni matajiri. Nafasi tunayo kutoka Base Camp hadi ziwani. Tulichokosa ni magari tu. Ukigawanya nafasi kwa idadi ya magari, kama wafanyavyo wataalamu, Nakivale inaishinda Mbarara, inaishinda Kampala, na London nayo ijihadhari. Tuko tayari kuwakodishia. Mwenye duka wa mjini aache gari lake kwetu alfajiri, kisha apande taksi kwenda dukani, wanne kwenye kiti cha watatu, kama sisi tunavyokuja kununua bidhaa zake. Atafika mchana, lakini High Street itapumua.

Sasa majengo. Tunaomba utukague kwa vipimo vilevile vya mjini. Ukuta: fito na udongo. Paa: bati kwa waliojaliwa, turubai lenye nembo ya UNHCR kwa waliofika juzi, na kwa baadhi ya waliofika zamani pia. Kibali cha kukalia jengo, kile kinachodaiwa na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013: hutolewa na mvua ya Aprili, na hufutwa na mvua hiyohiyo.

Utatujibu kwamba Nakivale iko wilaya ya Isingiro, nje ya mipaka yako. Ni kweli. Huko nako tutaambiwa wakimbizi wako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kisha tutaelekezwa kwa mashirika, na mashirika yatatuonyesha bajeti iliyokatwa. Lakini Sheria ya Mipango ya 2010 inatamka kwamba Uganda yote ni eneo la mipango. Yote, Mheshimiwa. Hatukuona mahali ilipoandikwa isipokuwa penye turubai.

Kinachotuponza ni kwamba nyumba zetu ni za muda, na cha muda hakikaguliwi. Makazi haya yalifunguliwa 1958. Uganda ikapata uhuru 1962. Mbarara ikawa jiji tarehe 1 Julai 2020. Basi cha muda kimeizidi umri dola, na jiji ni mjukuu wake. Humu tunaishi zaidi ya watu 150,000, Wakongo, Wanyarwanda, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Kiwanja tunagawiwa tukitumie, si tukimiliki; na ni wachache wenye moyo wa kuchoma matofali kwa ajili ya ardhi isiyo yao. Kisha anakuja mgeni na kamera, anasikitika kwamba hatujengi.

Hatuidharau historia ya ukaguzi mjini kwenu. Ule mkali kuliko yote ulifanyika Februari 1979, jeshi la Tanzania lilipoteka Mbarara na kulipua majengo kulipiza uvamizi wa Kagera kule Tanzania. Wakaguzi wale walizungumza Kiswahili kizuri sana, na walipomaliza nafasi za kuegesha hazikuwa haba. Sisi tunaomba kitu cha wastani zaidi: mtu mwenye kalamu na futi ya kupimia, atakayeandika kwamba nyumba hizi zipo.

Ukiamua kuja, njoo siku ya mvua ili uone paa zikiwa kazini. Kuhusu gari lako usijali. Litakapokwama, hapo ndipo maegesho rasmi.

Wako katika ujenzi wa muda,
Wakazi wa Base Camp

Nakala: Ofisi ya Waziri Mkuu, UNHCR, mvua